Msanifu wa Mauti na Uzima

Mtu aliyefiwa hupanda kilima kwa taabu kuliko siku nyingine. Miguu huwa mizito, pumzi huwa fupi, na macho hayatazami mbele. Katika mji wa Stockholm, ulio mkuu wa nchi ya Uswidi, iko ngazi makaburini iliyojengwa na mtu aliyelijua jambo hilo. Vidato vyake vya chini vina kimo cha kawaida. Lakini kadiri mtu apandavyo, vidato huzidi kupungua kimo, hata karibu na kilele mguu hauinuki ila kidogo tu. Wengi waipandao hawatambui hila hiyo. Hufika juu, wakaketi chini ya miti iliyozungushiwa ukuta mfupi, wakatazama bonde lililo mbele yao, wala hawaulizi kwa nini hawakuchoka kama walivyodhani.

Aliyeichora ngazi hiyo aliitwa Sigurd Lewerentz. Alikuwa msanifu wa majengo, yaani mtu ambaye kazi yake ni kufikiri jengo litakavyokuwa na kulichora kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kwa miaka mingi jina lake lilijulikana na wasanifu wenzake zaidi kuliko watu wa mitaani. Hakuandika vitabu vya kueleza kazi yake, wala hakupenda kusimama mbele ya watu na kuhutubu. Basi mwezi wa Oktoba 2021, karibu miaka 46 baada ya kufa kwake, makumbusho ya usanifu ya Uswidi, yaitwayo ArkDes, katika kisiwa cha Skeppsholmen hapo hapo Stockholm, yalifungua maonyesho makubwa juu yake. Maonyesho yale yalipewa jina la Msanifu wa Mauti na Uzima, nayo yaliendelea mpaka Agosti 2022. Watu waliona michoro aliyoichora kwa mkono wake, mifano midogo ya majengo, picha, na vitu vya nyumbani alivyovibuni.

Hapana budi tuseme mapema kwamba maonyesho ya namna hii yana upungufu ambao hauondoki. Mtu akitaka kuonyesha kazi ya mfinyanzi, huweka chungu juu ya meza. Mwitu hauwezi kuwekwa juu ya meza, wala upepo wa makaburini, wala ukimya wa watu walioshika shada la maua. Lakini karatasi zina faida yake: zaonyesha jambo ambalo jengo lenyewe hulificha, nalo ni mara ngapi mtu alifuta na kuanza tena. Na kwa habari ya Lewerentz jambo hilo ndilo kiini cha hadithi yote, kwa kuwa kufuta na kuanza tena ndiko kulikompatia sifa, na ndiko kulikomnyima kazi yake.

Alizaliwa mwaka 1885 kaskazini mwa Uswidi, mahali ambapo baba yake alishughulika na kiwanda cha vioo. Alisoma katika mji wa Göteborg, kisha akaenda Ujerumani kufanya kazi kwa wasanifu wa huko. Aliporudi alijiunga na vijana wachache wa Stockholm ambao, mwaka 1910, walikuwa wamekiacha chuo kikuu cha sanaa kwa kuona mafundisho yake ni makavu, wakaanzisha shule yao ndogo na kuwaomba wasanifu waliowapenda wawafundishe. Mmoja wa vijana hao alikuwa Gunnar Asplund, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1885. Majina ya watu hawa wawili yataandamana katika maneno yafuatayo, kwa wema na kwa uchungu.

Siku hizo miji ya Uswidi ilikuwa ikikua upesi. Watu walitoka mashambani kwenda viwandani, na makaburi ya zamani yaliyozunguka makanisa yalikuwa yamejaa. Lilikuwapo na jambo jipya: baadhi ya watu walianza kutaka maiti zichomwe badala ya kuzikwa ardhini, wakisema kwamba ni usafi na kwamba ardhi ya miji haitoshi. Kwetu Kenya desturi hiyo imejulikana sana kwa ndugu zetu Wahindu, na wasomaji wengi watakumbuka kwamba Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, kama alivyotaka mwenyewe. Kwa Waswidi wa mwaka 1910 ilikuwa desturi ngeni, na ugeni wake ulileta swali gumu. Kanisa la mazishi lilikuwa na mila zake za karne nyingi. Tanuri halikuwa na mila yoyote. Je, wafiwa waingie wapi? Wasimame wapi? Waone nini mwisho wa yote, mlango wa chuma na moshi?

Lewerentz alijaribu kulijibu swali hilo kabla ya kutimiza umri wa miaka 30. Pamoja na mwenzake, Torsten Stubelius, alichora jengo la kuchomea maiti kwa ajili ya mji wa Helsingborg, lenye maji yapitayo chini yake. Halikujengwa kamwe, lakini mfano wake ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mji wa Malmö mwaka 1914. Ukweli huu wapendeza: maonyesho ndiyo yaliyomtoa gizani mara ya kwanza, kama yalivyomtoa tena mwaka 2021. Asplund aliiona kazi ile, ikamgusa moyo. Mji wa Stockholm ulipotangaza mashindano ya kubuni makaburi mapya makubwa, alimwomba Lewerentz washirikiane.

Ardhi iliyotengwa ilikuwa kusini mwa mji, nchi ya misonobari iliyomea juu ya mashimo ya zamani ya kokoto. Eneo lake lapita ekari 250. Mtu mwingine angaliona mahali hapo ni pabaya, pa kusawazishwa na kukatwa miti ili barabara nyoofu na sanamu zipate nafasi. Asplund na Lewerentz waliuacha mwitu ukae. Makaburi yaliwekwa kati ya misonobari, chini ya vivuli vyake, hata mtu aingiapo huona miti kwanza na mawe ya makaburi baadaye. Mashindano yaliamuliwa mwaka 1915, nao wakashinda. Mahali pale paliitwa Skogskyrkogården, maana yake Makaburi ya Mwituni. Ziliwekwa pia kanuni za kuzuia mawe ya makaburi yasiwe makubwa kupita kiasi, ili tajiri asimfunike maskini kwa kivuli chake hata baada ya kufa. Kanuni kama hiyo ni rahisi kuiandika, ila kuitekeleza kwa watu wenye fedha na majonzi si kazi ndogo.

Asplund alijenga kanisa dogo la kwanza, lililomalizika mwaka 1920, lenye paa refu la mbao mfano wa kibanda cha msituni. Lewerentz alipewa kanisa la pili, liitwalo Kanisa la Ufufuo, lililokamilika mwaka 1925. Hilo ndilo lipasalo kuelezwa kwa kituo.

Aendaye huko huanzia kwenye kile kilima chenye ngazi. Kutoka hapo njia moja nyoofu yapita mwituni mita 888, nayo huitwa Njia ya Visima Saba. Mwanzoni kuna miti yenye magome meupe na majani mepesi yapitishayo mwanga mwingi. Kisha huja misonobari. Na mwisho miti mingine ya jamii ya msonobari, mizito na yenye kivuli kikubwa. Yaani mwanga hupungua hatua kwa hatua, bila mtu kuambiwa neno. Katika mwisho wa njia, mbali sana, aona nguzo za mawe. Hutembea akiziona, nazo hukua polepole mbele yake.

Nguzo hizo ni za ukumbi wa mbele, na ukumbi huo haushikamani na kanisa. Umesimama peke yake, tena umepinda kidogo, hauelekei sawasawa na ukuta ulio nyuma yake. Mtu asiyejua angefikiri fundi alikosea kupima. Lewerentz hakukosea, ukumbi wafuata njia, na kanisa lafuata mashariki na magharibi kama ilivyokuwa desturi ya makanisa, naye hakutaka kimoja kimdanganye mwenzake. Ndani, kanisa ni refu na jembamba, na kuta zake ni tupu. Liko dirisha moja kubwa tu, upande wa kusini, na mwanga wake huangukia mahali jeneza linapowekwa. Kwa hiyo mfiwa aingiaye kutoka katika kivuli cha mwitu hulikuta jeneza katika nuru.

Ibada ikiisha, wafiwa hawatoki kwa mlango walioingilia. Hutokea mlango mwingine, wa magharibi, wakajikuta nje katika kiwanja kilicho chini kidogo, penye makaburi na anga. Faida yake yaonekana mara moja. Hawarudi nyuma, hawakutani uso kwa uso na msafara wa maiti mwingine ungojao zamu, na ule mlango wenyewe huwaambia kwamba safari yao haikuishia kwenye jeneza. Ndiyo sababu neno uzima liliwekwa katika jina la maonyesho baada ya neno mauti.

Kazi kama hii haifanywi upesi. Lewerentz alichora, akafuta, akachora tena. Alibishana juu ya nguzo, juu ya kokoto za njia, juu ya kimo cha kidato. Halmashauri ya makaburi ilikuwa na fedha ya kuhesabu na maiti wa kuzika, na maiti hawangoji. Asplund alikuwa mwepesi zaidi wa kusikilizana na watu, naye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa ajili ya majengo mengine, hasa maktaba kuu ya Stockholm iliyofunguliwa mwaka 1928. Katikati ya miaka ya thelathini, ulipofika wakati wa kujenga jengo kubwa kuliko yote pale mwituni, yaani jengo la kuchomea maiti pamoja na makanisa yake matatu, halmashauri ilimpa kazi Asplund peke yake. Lewerentz aliachishwa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50, na alikuwa ameitumikia ardhi ile miaka ipatayo 20.

Mambo haya yafaa kutazamwa pande zote mbili. Mwenye kulipa ana haki ya kutaka kazi imalizike, na jengo alilojenga Asplund ni zuri kweli. Hapana mtu mwenye macho atakayelikana. Lakini kwa maoni yangu halmashauri ilifanya kosa ambalo wenye mamlaka hulifanya mara kwa mara: ilimwadhibu mtu kwa ajili ya uangalifu ule ule ambao kwa ajili yake ilimchagua. Nayo adhabu ilikuwa na mkia mrefu. Jengo la Asplund lilifunguliwa mwaka 1940. Miezi michache baadaye, mwezi wa Oktoba, Asplund mwenyewe akafa, akazikwa pale pale karibu na kazi yake. Juu ya ukumbusho wake yaliandikwa maneno yenye maana kwamba kazi yake yaishi. Yaishi kweli, ila watu wengi wakasahau kwamba haikuwa yake peke yake. Kile kilima, bonde lile la majani lililo wazi, ile njia nyoofu ya mwituni, yote yakahesabiwa sifa ya mmoja. Wachunguzi wa baadaye walipofunua michoro ya zamani ndipo sehemu kubwa ya Lewerentz katika kuiumba ardhi ile ilipojulikana vema. Makaburi ya Mwituni yalipoingizwa mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wote wawili walitajwa.

Na Lewerentz alifanya nini baada ya kuachishwa? Hakukaa bure, lakini aliondoka katika macho ya watu. Alihamia mji wa Eskilstuna, akaendesha kiwanda kilichotengeneza madirisha na milango ya chuma. Kwa mtu aliyechora Kanisa la Ufufuo, kazi hiyo yaweza kuonekana kama kushuka cheo. Hata hivyo yamkini hakuna shule iliyomfaa zaidi. Alijifunza jinsi bawaba inavyobeba uzito, jinsi kioo kinavyokutana na chuma, na maji ya mvua yanavyotafuta upenyo. Wakati huo wote hakuyaacha kabisa makaburi, kwa kuwa tangu mwaka 1916 alikuwa pia msanifu wa Makaburi ya Mashariki ya Malmö, kusini mwa nchi, nako aliendelea kurudi. Katika miaka ya arubaini alijenga huko makanisa mawili ya mazishi, la Mtakatifu Knut na la Mtakatifu Gertrud.

Kisha, mwaka 1956, akiwa na miaka 71, alialikwa pamoja na wasanifu wengine kushindania kanisa jipya la Mtakatifu Marko katika mtaa wa Björkhagen, ambao, kwa ajabu, hauko mbali na Makaburi ya Mwituni. Alishinda. Kanisa lile lilikamilika mwaka 1960, limejengwa kwa matofali meusi-mekundu yaliyowekwa pamoja kwa chokaa nene. Masharti aliyowapa mafundi yamekuwa maarufu: hakuna tofali litakalokatwa. Msomaji aliyewahi kumtazama mwashi akifanya kazi atalielewa jambo hilo lilivyo gumu. Ukuta ukifika pembeni, au penye dirisha, tofali zima halitoshei, ndipo mwashi hulipiga kwa mwiko likavunjika nusu. Lewerentz alikataa. Tofali likae zima, na chokaa ndiyo iongezwe au ipunguzwe mpaka hesabu ikae sawa. Kwa hiyo nafasi kati ya tofali na tofali huwa nyembamba hapa na pana kule, na ukuta waonekana kama kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mzee alikuwa akifika penye ujenzi na kusimama na mafundi, naye alikuwa mkali. Twaweza kudhani kwamba si kila fundi aliyefurahi kumwona akija asubuhi.

Kanisa la pili la uzee wake, la Mtakatifu Petro katika mji mdogo wa Klippan, lilijengwa kati ya 1963 na 1966. Hilo ni la giza zaidi. Aingiaye haoni kitu mpaka macho yazoee. Ndipo sakafu ya matofali yatokea, imeinama kidogo kuelekea madhabahu, na katikati nguzo ya chuma yenye mikono miwili ibebayo paa, mfano wa msalaba. Maji ya ubatizo hudondoka kutoka katika kombe kubwa la baharini, tone baada ya tone, yakaanguka katika ufa ulioachwa sakafuni, na sauti ya matone hayo husikika katika kanisa zima. Madirisha hayana fremu. Ni matundu ukutani, na kipande cha kioo kimegandamizwa kwa nje. Mtu aliyeendesha kiwanda cha fremu za madirisha aliamua mwishoni kwamba fremu haihitajiki.

Miaka hiyo ya mwisho aliishi Lund, karibu na Malmö. Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha ukutani. Mwanga uliingia kutoka juu tu, na ndani kuta zilifunikwa kwa karatasi ya alumini iking'aa kama bati jipya. Humo alikaa akichora na penseli, mzee wa miaka zaidi ya 80, na vijana wa nchi nyingi walianza kufunga safari kuja kumwona, wakitafuta maneno ya hekima. Walimkuta mtu wa maneno machache.

Kazi yake ya mwisho iliyojengwa ilikuwa kibanda cha kuuzia maua penye mlango wa Makaburi ya Mashariki ya Malmö, mwaka 1969. Alikuwa na miaka 84. Ni kibanda kidogo cha zege, chenye paa la shaba lililoinama upande mmoja. Kioo cha dirisha hakina fremu hapa pia. Kimebandikwa juu ya ukuta kwa nje. Nyaya za umeme hazikufichwa; zimepita ukutani wazi, na zimepangwa kwa uangalifu ule ule wa vidato vya ngazi ya Stockholm. Katika historia za usanifu kibanda hiki hutajwa pamoja na makanisa makubwa, jambo ambalo huwashangaza wale wasiokiona. Mashindano ya makaburi yale aliyashinda mwaka 1916, na kibanda kilikuja miaka 53 baadaye. Mwenye kiti cha halmashauri ya kwanza, na wengi waliopiga kura zamani zile, walikuwa wamekwisha kuhitaji kaburi wao wenyewe.

Lewerentz alikufa tarehe 29 Desemba 1975, akiwa na miaka 90. Michoro yake ilihifadhiwa, na ile iliyoonyeshwa Skeppsholmen ilirudi kabatini maonyesho yalipofungwa. Siku ile ile, kama siku nyingine zote, walikuwapo watu waliopanda kile kilima cha Stockholm wakiwa na maua mikononi, wakainua miguu kidogo, kisha kidogo zaidi.